Fasili za Mzaha na Mamlaka ya Kutoa Maana: Mtazamo wa Kihistoria kutoka Pwani ya Kusini ya Kenya

Makala haya yanachunguza utanzu mdogo ambao wahakiki wa fasihi simulizi wameupa nafasi finyu, yaani fasili ya mzaha. Kwa istilahi hii tunakusudia maana ya neno inayotolewa na watumiaji wa lugha wenyewe kwa nia ya kuchekesha, na ambayo katika kuchekesha hufichua jambo lililonyamaziwa na fasili rasmi. Tunadai kwamba fasili za namna hii ni uhakiki uliofupishwa. Tunadai pia kwamba historia ya pwani ya kusini, kuanzia Likoni, kupitia Diani na Msambweni, hadi Vanga, inaonyesha ni kwa nini uhakiki huu una uzito. Hapa ni mahali ambapo, kwa muda mrefu, maana za maneno zimeamuliwa na watu wengine.

Ni muhimu kutaja kwamba mzaha si mgeni katika leksikografia. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, alifafanua aina moja ya nafaka kwa kuwatania Waskoti, kwamba kile wanachokula wao Uingereza hulishwa farasi. Miaka 30 baadaye, mnamo 1785, Francis Grose alichapisha kamusi ya misimu ya watu wa chini wa London. Wote wawili, hata hivyo, walikuwa wasomi walioshika kalamu kwa niaba ya wengine. Mageuzi yalikuja mwaka 1999, Aaron Peckham, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko California, alipoanzisha kamusi ya intaneti iitwayo Urban Dictionary. Humo mtu yeyote huweza kuandika fasili, na misimu ya intaneti na ya Waingereza hufafanuliwa na watumiaji wake kwa kejeli. Jambo linalosifiwa huko kuwa jipya ni haki ya msemaji kufasili neno lake. Swali letu ni hili: je, haki hiyo ilikuwa ngeni pwani?

Tukirejelea maandishi, jibu litakuwa kwamba haikutambuliwa. Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake ikachapishwa London mwaka 1882, baada ya kifo chake. Ni hazina kubwa, lakini mwenye kufasili ni mmisionari, na macho yake ndiyo yanayotazama. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati iliyoundwa mwaka 1930 ilisimamia usanifishaji huo, na kamusi zilizohaririwa na Frederick Johnson zikatoka mwaka 1939. Kivumba cha Vanga na Wasini, pamoja na Chichifundi cha Funzi na Gazi, zikabaki kuwa lahaja za kuchunguzwa. H. E. Lambert, aliyekuwa afisa wa utawala wa kikoloni, alizichapishia vitabu mwaka 1957 na 1958. Kazi yake yafaa kushukuriwa. Lakini anayechunguzwa si sawa na anayefasili.

Nje ya maandishi hali ilikuwa tofauti. Jamii za Afrika Mashariki zimekuwa na utani kama taasisi, ambapo mtani ana ruhusa ya kusema lisilosemeka. Katika eneo la lugha jirani, utani hupata malighafi bila kutafuta. Kitenzi gomba katika Chidigo ni kusema. Katika Kiswahili ni kukaripia au kuteta. Mdigo anayeulizia iwapo mgeni anaisema lugha yake aweza kusikika kana kwamba anamtafutia ugomvi. Kamusi ya Chidigo, Kiingereza na Kiswahili iliyochapishwa Nairobi mwaka 2004 imeitwa Mgombato, jina litokanalo na kitenzi hichohicho. Hivyo neno ambalo sikio la jirani hulisikia kama fujo limerudishiwa heshima yake kwenye jalada.

Tuchukue sasa mifano mitatu inayojulikana pwani na bara. Kwanza, serikali. Wanaleksikografia hulirudisha neno hili katika Kiajemi, sar ikiwa kichwa na kar ikiwa kazi. Watu hulikata pengine: siri kali. Kietimolojia wamekosea, kiuhakiki wamelenga shabaha, kwani wamesema namna raia anavyokutana na ofisi. Pili, Wabenzi, neno lililozuka baada ya uhuru, katika miaka ya 1960, kuwataja wakubwa wapya waliopanda magari ya Mercedes-Benz. Kichekesho chote kimo katika kiambishi wa-. Katika Kwale, anakoishi Mdigo, Mduruma na Msegeju, sarufi yenyewe inatangaza kwamba limezaliwa kabila jingine, nalo halina kaya wala mizimu, lina magurudumu. Tatu, manamba. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, jina hili lilimhusu kibarua aliyeandikwa kwa namba. Kenya likaja kumhusu utingo wa matatu. Tungeweza kulifasili hivi: mtu aliyebakiwa na hesabu baada ya kunyang'anywa jina. Hakuna kamusi iliyohitaji kueleza uchungu huo, maana umo ndani ya neno.

Ufuo wa Diani unaongeza mfano wa nne. Tangu utalii ulipopanuka, jambo limekuwa salamu ya kumpa mgeni. Wenyeji huamkiana kwa hujambo, habari au shikamoo. Anayesalimiwa jambo tupu amekwisha kufasiliwa: ni mtu asiyetarajiwa kuelewa jibu. Hapa fasili ya mzaha haikutamkwa kabisa. Imo katika matumizi, na anayefasiliwa hujibu kwa tabasamu.

Hata hivyo, tusiutukuze mzaha kupita kiasi. Janga la UKIMWI lilipoenea, vijana wa Tanzania waliyapa maana yao mafupisho ya Kiingereza AIDS: Acha Iniue Dogodogo Siachi. Kwa ufundi, fasili hii ni kamili. Herufi zimetimia na mizani imekaa. Kwa maadili, imegeuza kifo kuwa ushujaa wa mwanamume, na hao dogodogo, wasichana wenyewe, hawakupewa herufi ya kusema lolote. Kicheko kinachompinga mkubwa na kicheko kinachomkanyaga mdogo hutumia mbinu moja. Kazi ya mhakiki ni kuuliza ni nani anayecheka, na ni nani anayelipia.

Kwa kumalizia, tunapendekeza kwamba fasili hizi zikusanywe kama tukusanyavyo vitendawili na methali, kila moja ikiandikiwa mahali, wakati na hali ya usemaji wake. Neno likiingia kamusini bila mzaha wake huwa limeingia nusu. Kwa wasemaji wa Kwale hili lina uzito zaidi, kwa kuwa waliandikwa na Krapf, wakapimwa kwa kipimo cha Unguja, wakachunguzwa na Lambert. Muda wote huo walikuwa na kamusi yao barazani, na wageni waliopita mbele yake walikuwa miongoni mwa vidahizo.