Ukurasa, Upande na Karatasi: Historia Fupi ya Kuhesabu Matumizi ya Printa ya Pamoja

Miongoni mwa kazi zinazomfikia mkuza istilahi ni kuhakiki tafsiri za miongozo ya ofisi. Hivi karibuni nililetewa mwongozo wa ofisi moja uliohusu printa zinazotumiwa kwa pamoja na kompyuta za aina mbalimbali. Neno "udhibiti" lilitumika humo kila mahali: mara lilikuwa na maana ya kupanga kazi katika foleni, mara kuhesabu karatasi, na mara kumzuia mtu asichapishe. Kifungu kimoja kilieleza kwamba mtumishi atalipia "kurasa zote zilizodhibitiwa". Hakuna aliyeweza kusema kama mtu ambaye karatasi zake zilikwama mashinani atalipa au hatalipa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mambo hayo ni mbalimbali, kila moja lina chanzo chake, na kwamba historia yake inaweza kutuongoza katika kuyapa majina.

Foleni

Kompyuta za mwanzo zilifanya hesabu upesi kuliko printa ilivyoweza kuandika. Mashine ya thamani kubwa ilikaa bure ikingojea mashine ndogo imalize. Dawa iliyopatikana ni kuyahifadhi matokeo kwanza, katika mkanda wa sumaku na baadaye katika diski, kisha kuyapeleka kwa printa kwa kadiri inavyoweza kuyapokea. Neno la Kiingereza linalotumika kwa kazi hiyo ndilo pia jina la kitu cha kuzungushia uzi. Hatuna haja ya kuufuata uzi huo. Mswahili aliyewahi kungoja zamu yake benki au hospitali anaifahamu foleni. Jambo la kuzingatia ni kwamba foleni hupanga tu. Haihesabu wala haikatazi.

Hesabu

Katika miaka ya mwanzo ya 1980, mfumo wa Unix uliotengenezwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ulikuwa na faili lililoeleza kila printa, pamoja na printa zilizounganishwa na kompyuta nyingine. Humo msimamizi aliweza kutaja daftari la hesabu. Programu ndogo iliyoitwa pac ilisoma daftari hilo na kujumlisha matumizi ya kila mtu, kwa kurasa au, kwa mashine fulani, kwa futi za karatasi. Msimamizi asipotaja bei, kila ukurasa au futi ilihesabiwa senti 2 za dola. Hapo ndipo tunapoona waziwazi kwamba kuhesabu ni kazi ya pekee: mtu aliweza kuandikiwa deni bila kuzuiliwa.

Lakini mpango huo ulitegemea kazi zote zipite katika mlango mmoja, na mlango huo haukudumu kuwa mmoja. Mwaka 1985 kampuni ya Apple ilitoa printa ya LaserWriter, kwa bei ya dola 6,995. Kwa bei hiyo ilikuwa lazima ishirikiwe, na kompyuta za Macintosh ziliweza kuzungumza nayo moja kwa moja kwa njia ya waya, bila seva katikati. Pasipokuwa na seva, hapakuwa na mwenye kushika daftari la wote. Kompyuta ndogo za ofisini nazo zilikuwa na itifaki zao. Mwaka 1991 Andrew Tridgell wa Australia alianza kazi iliyozaa programu ya Samba, ambayo iliwezesha mashine za Unix kuzihudumia kompyuta hizo, na hivyo kurejesha mlango wa pamoja.

Ilibaki taabu nyingine: ni nani aliyetuma? Itifaki ya Berkeley ilielezwa katika hati namba 1179 ya wahandisi wa intaneti, Agosti 1990. Kwa itifaki hiyo, jina la mtumaji huandikwa na kompyuta inayotuma, na seva hulipokea kama lilivyo. Kwa hiyo daftari lilionyesha jina lililotajwa, na mtu mwenyewe aweza kuwa mwingine. Mwandishi wa kanuni atakayeandika "mtumiaji" bila kufikiri huweza kumtwisha mtu deni la mwenzake.

Ukurasa, upande, karatasi

Machi 1995 wahandisi hao walitoa hati iliyoeleza jinsi ya kuisoma, kupitia mtandao, hesabu iliyomo ndani ya printa yenyewe. Aprili 1999 ikafuata itifaki mpya ya uchapishaji, ambayo inatenganisha mambo ambayo watu huyachanganya. Inatofautisha pande zinazopigwa chapa na karatasi zinazotumika. Tena inatofautisha kiasi kilichoombwa na kiasi kilichokamilika.

Tuchukue mfano. Hati ina kurasa 10. Mtumiaji anaagiza kurasa 2 zipangwe katika kila upande, na karatasi ichapwe pande zote mbili. Matokeo ni kurasa 10, pande 5 na karatasi 3. Mwongozo unaosema "kurasa" tu unaweza kumdai mtu 10, 5 au 3, na kila mdai ataona ana haki.

Zuio

Katika mwaka huo wa 1999 ilitoka pia programu ya CUPS, ambayo Apple iliinunua mwaka 2007. Programu hii iliunganisha hesabu na zuio: msimamizi huweka idadi ya kurasa ambazo mtumiaji hatazipita katika muda fulani. Hata hivyo idadi hiyo hushikwa kwa kila printa peke yake, na hesabu yake hutokana na programu inayoitayarisha kazi, si mashine inayoitoa. Karatasi ikikwama, huenda daftari likasema imetoka.

Sisi na maneno yetu

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, amri iliyolegezwa baadaye. Vyombo hivi vilipotufikia kwa wingi, foleni, hesabu na zuio vilikuwa vimekwisha kufungwa katika mzigo mmoja, nasi tukaupa mzigo wote jina moja. Hatuna budi kuufungua. Tunapendekeza yafuatayo:

(a) Foleni ya uchapishaji: mpango wa kazi zinazongoja zamu.
(b) Hesabu ya matumizi: kumbukumbu ya kiasi kilichotumika.
(c) Mgawo: kiasi anachoruhusiwa mtumiaji katika muda uliowekwa.
(d) Zuio: kukataliwa kwa kazi, kwa sababu ya mgawo au nyingine.
(e) Ufuatiliaji: kusoma nani alichapisha nini.

Hili la mwisho lisifichwe ndani ya "hesabu", kwani daftari huweza kuonyesha hata jina la hati, na jina la hati huweza kufichua ugonjwa wa mtu au shauri lake.

"Udhibiti" ubaki jina la jumla, wala usitumike katika kifungu chenye kudai fedha. Kifungu kile cha mwongozo sasa kinasomeka hivi: "Mtumishi atalipia karatasi zilizokamilika kuchapwa, kwa hesabu ya printa yenyewe." Aliyekwamiwa na karatasi sasa anaujua msimamo wake.