Jeraha la bega baada ya chanjo (madai ya fidia)

Jeraha la bega baada ya chanjo ni maumivu makali na kukakamaa kwa kiungo baada ya sindano kudungwa juu mno, ikaupita msuli na kumwaga dawa katika kifuko cha ute cha bega. Kasoro iko katika udungaji, si katika dawa, hivyo linaweza kufuata chanjo ya mafua, ya pepopunda au ya UVIKO-19. Maumivu ya kawaida ya sindano huisha kwa siku chache. Maumivu ya jeraha hili huanza ndani ya saa 48 na huweza kudumu miezi, mtu asiweze hata kujitwisha ndoo.

Madai ya fidia kwa jeraha hili yamekomaa Marekani. Sheria ya 1986 ilianzisha mpango wa fidia, ambao mfuko wake hutunishwa na kodi ya senti 75 kwa kila ugonjwa unaokingwa na dozi, na mwaka 2017 jeraha la bega likaingia katika jedwali la majeraha yanayofidiwa. Mdai hahitaji kuthibitisha uzembe wa yeyote.

Tanzania haina mfuko wa aina hiyo. Fidia ya COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo za UVIKO-19, ilihusu chanjo za UVIKO-19 pekee, tena kwa ulemavu wa kudumu au kifo. Chanjo ya mafua haimo katika ratiba ya kawaida ya taifa. Mahali kama Msanzi, wilayani Kalambo, mkoa wa Rukwa, sindano za bega zinazojulikana zaidi ni ya pepopunda kwa wajawazito na ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana.

Aliyeumizwa katika zahanati ya umma hana budi kuthibitisha uzembe. Tangu marekebisho ya sheria ya 2020, kuishtaki halmashauri ni kuishtaki Serikali: hutangulia notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali huunganishwa, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu, ambayo ina kanda Sumbawanga. Ukomo wa madai ya uzembe ni miaka 3. Baraza la Uuguzi na Ukunga laweza kumwadhibu muuguzi, lakini halilipi fidia. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Kikwazo kikubwa ni ushahidi. Eksirei huonyesha mifupa, si uvimbe wa kifuko. Kinachofaa ni ultrasaundi, nayo haipatikani katika zahanati ya kijijini. Mgonjwa anayevumilia miezi miwili kabla ya kurudi kwa daktari hujikuta hana maandishi ya kuunganisha maumivu na sindano. Kadi ya chanjo, maelezo ya daktari ya siku za mwanzo na taarifa ya madhara kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) ndivyo vitu ambavyo wakili ataulizia kwanza.