Gitaa Lililokosa Wanunuzi

Juma hili, ndugu msomaji, tulizungumzie gitaa la umeme lenye umbo la herufi V. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Gibson ya Kalamazoo, Marekani, ilisemwa kuwa vyombo vyake ni vya wazee, hasa baada ya mshindani wake, Fender, kutoa Stratocaster mwaka 1954. Mkuu wa Gibson, Ted McCarty, akajibu mwaka 1958 kwa Flying V: mbawa mbili kama mkia wa mshale, zilizochongwa kwa mbao za limba, mti wa misitu ya Afrika, ambao wao waliuita korina. Mti wetu, jina lao, hayo tuyaache.

Wenye maduka walilishangaa. Ukiketi nalo linateleza pajani, hata likabandikwa mpira ubavuni. Mwaka huo yalitoka 81, uliofuata 17, kisha likaachwa.

Lakini moja lilimfikia Albert King, mpigaji wa blues. Yeye alitumia mkono wa kushoto, na badala ya kubadili nyuzi alilipindua gitaa lenyewe, nyuzi nene zikawa chini. Magitaa mengi yakipinduliwa ni taabu, maana yamekatwa upande mmoja tu ili vidole vifike mwisho wa shingo. V pande zake zimelingana. Jimi Hendrix, naye wa mkono wa kushoto, akapata lake mwaka 1967 na kulipaka michoro mwenyewe. Mwaka huohuo Gibson ikalirudisha sokoni, safari hii kwa mbao za mahogani. Yale ya limba sasa yanagombewa na matajiri.