Herufi Nane

Baba yangu, ambaye kwa Kihaya tunamwita Tata, alifundisha shule za msingi wilayani Muleba mpaka akastaafu. Kila gazeti lililomfikia Kamachumu alilifungua kutoka nyuma, kwenye chemsha bongo, penseli ikiwa sikioni. Mwaka jana ugonjwa wa mtoto wa jicho ulimnyang'anya mchezo huo. Gazeti aliendelea kulishika, lakini visanduku vilikuwa ukungu mtupu.

Mimi naishi Bukoba mjini, na kazi yangu ni kompyuta. Nilikuwa na laptop kuukuu yenye Linux, nikakumbuka terminali: lile dirisha jeusi lisilo na picha, unaandika amri na mashine inajibu kwa maandishi. Humo herufi zinaweza kukuzwa hadi kila moja iwe kubwa kama ukucha wa dole gumba. Nikapakua programu iitwayo cursewords, ya Parker Higgins, inayochora chemsha bongo ndani ya terminali. Unatembea kwa vitufe vya mishale na kujaza herufi moja moja.

Mchezo na dirisha lile vilizaliwa jirani. Tarehe 21 Desemba 1913, Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alichapisha fumbo lenye umbo la almasi katika gazeti la New York World. Ng'ambo ya mto, New Jersey, ndiko zilikokuwa maabara za Bell, ambako mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza Unix. Linux ilifuata nyayo zake mwaka 1991.

Nilitaka fumbo la Kiswahili, nikalazimika kulitunga mwenyewe. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mraba ule ulishonwa kwa kipimo cha Kiingereza. Maneno yetu ya asili huishia na irabu. Ukiyapanga maneno ya mlalo yaishie ukingo mmoja, safu ya wima pale pembeni inakuwa irabu tupu, nawe unabaki na "ua", "oa" na "au". Ilinibidi kutawanya visanduku vyeusi ili kila neno liishie mahali pake.

Jumamosi moja nikapanda gari hadi Muhutwe, kisha nikapandisha Kamachumu. Tata alikaa barazani, uso karibu na kioo. Alijaza matano ya kwanza haraka, akasimama kwenye la sita.

"Hii ni nini? Ngombe?"

"Ritifaa haina kisanduku, Tata."

"Nimewachapa watoto miaka thelathini kwa sababu ya ritifaa hiyo."

Sikuwa na jibu. Aliendelea hadi kwenye kidokezo nilichokitunga kwa ajili yake: "Mwaka 1974 ilipigwa marufuku kuingizwa nchini, herufi 8."

Alikuwa mwalimu kijana mwaka ule. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilikuwa imefungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 serikali ikazuia uingizaji wa kompyuta na televisheni. Katazo hilo lilidumu hadi miaka ya tisini. Tata alifundisha hesabu muda wote huo kwa chaki na vijiti, bila kuigusa mashine hata moja.

"Runinga," alisema. Akahesabu kwa vidole. Saba.

"Televisheni." Kumi na moja.

Akasogeza mshale mpaka kwenye Y, iliyokuwa imeshajazwa na neno la mlalo. Alinyamaza kwa muda. Kisha akaibonyeza K, akaitafuta O, moja baada ya nyingine, mpaka A.

"Kumbe ni hii hii niliyoikalia," akasema. "Nawe ndiyo inayokulisha."

Hakusema kwa uchungu, lakini hakucheka pia. Nilijiuliza nimempa mchezo au nimemwonyesha mlango aliofungiwa.

Sasa anasubiri upasuaji wa jicho. Amekataa mafumbo yangu, anasema vidokezo vyake ni vya mtu asiyefundisha. Kila Jumamosi ananipigia simu, anatamka, mimi naandika. Cha kwanza alichonitumia kilikuwa hiki: "Mlalo 1. Ana pembe, ana herufi 6, na aliyemwandika alimnyima ritifaa yake."