Mafunzo ya uwajibikaji wa kampuni kazini (Kwale)

Mafunzo ya uwajibikaji wa kampuni kazini ni mafundisho wanayopewa wafanyakazi ili wajibu wa mwajiri kwa watu, mazingira na sheria utekelezwe katika kila zamu, usibaki kuwa sera ya ofisini. Katika Kaunti ya Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, yanahusu hasa hoteli za Diani na mgodi wa madini wa kampuni ya Base Titanium.

Msingi wa kisheria

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi maelezo na mafunzo ya kujikinga, na penye watu 20 au zaidi iundwe kamati ya usalama. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kinaharamisha utalii wa ngono unaohusisha watoto, na kampuni yenyewe yaweza kushtakiwa.

Ulinzi wa watoto hotelini

Desemba 2006, UNICEF na serikali ya Kenya zilitoa ripoti kuhusu unyanyasaji wa watoto kingono katika Mombasa, Kilifi, Malindi na Kwale. Wakenya ndio walioongoza miongoni mwa wateja, asilimia 38. Kwa hiyo mkufunzi anayewatahadharisha wahudumu juu ya wazungu peke yao huwa amewafunza nusunusu.

Kanuni ya kimataifa ya kulinda watoto katika utalii, iliyoanzishwa na shirika la ECPAT Sweden mwaka 1998, ina hatua 6, na mojawapo ni kuwafunza wafanyakazi. Mafunzo hayo hugawanywa kwa nafasi za kazi. Mtu mzima akifika mapokezi na mtoto, mpokezi huomba vitambulisho vya wote wawili na kuuliza uhusiano wao kwa adabu ileile anayowapa wageni wengine. Mhudumu wa vyumba hufundishwa dalili za hatari, na askari wa lango hujua meneja yupi wa kumpigia usiku. Hakuna anayetakiwa kufanya upelelezi: kazi yake ni kutoa taarifa kwa msimamizi, polisi au namba ya simu ya msaada kwa watoto, 116.

Bahari na wanyama

Ufukwe wa Diani ni sehemu ya Hifadhi ya Bahari ya Diani-Chale, iliyotangazwa mwaka 1995. Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi, zikiwemo fukwe zake, hivyo mhudumu wa baa anapaswa kujua kwa nini chupa ya maji haiendi ufukweni. Vitoto vya kasa hufuata mwanga, na taa ya hoteli yaweza kuvipeleka nchi kavu badala ya baharini. Askari wa usiku ndiye mwenye swichi. Jikoni, pipa la taka lisilofunikwa huwazoesha tumbili na nyani makombo.

Mgodini

Base Titanium ilisafirisha shehena yake ya kwanza ya madini kutoka Likoni Februari 2014 na kumaliza kuchimba Desemba 2024. Wajibu wa mgodi hauishi siku mashine zinapozimwa: ardhi iliyochimbwa inabaki kurejeshwa, na ustadi wa kuisawazisha na kuipanda upya ni sehemu ya mafunzo.

Mapungufu

Utalii wa Diani huenda kwa misimu. Mvua za masika zikianza, hoteli nyingi hupunguza wafanyakazi au kufunga, na vibarua huondoka na walichofunzwa. Wakirudi wengine, somo huanza upya. Walinzi na madereva wengi huajiriwa na kampuni za nje, nao husahaulika kwa urahisi ingawa ndio wanaokutana na mgeni kwanza. Orodha ya sahihi za waliohudhuria haithibitishi kitu. Kipimo chenye maana ni kama mfanyakazi wa zamu ya usiku anajua la kufanya, na kama akitoa taarifa dhidi ya mgeni mwenye fedha nyingi kazi yake itabaki salama.