Analojia si Ushamba

Tangu Dar es Salaam izime mitambo ya televisheni ya analojia usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, neno hili limepata maana ya mtaani: mtu aliyepitwa na wakati. Wapenzi wa muziki wanaobishania santuri na CD hulitumia kwa usahihi zaidi. Asili yake ni Kigiriki, na kiini chake ni ulinganifu: mfuo wa santuri hufuata umbo la wimbi la sauti bila kukatika. Dijitali, mwenzake, imetoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya kidole, kwa kuwa vidole hutumika kuhesabia. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde na kuandika kila kipimo kwa tarakimu.

Wapo wanaodhani kilicho kati ya vipimo hivyo kimepotea. Hakijapotea: vipimo hivyo vinatosha kurejesha mitetemo hadi 20,000 kwa sekunde, upeo wa sikio la binadamu. Anayependa santuri apende ladha yake, ila asidai kwamba ina usahihi zaidi. Nasi tuache kumwita mzee “analojia” kama tusi.