Chumvi ya Katwe na Jedwali la Mtahiniwa: Kutetea Uchambuzi wa Chumvi katika Kemia ya Vitendo

Kila yanapojiri mazungumzo ya mitaala hapa Kampala, hakosi mtu mwenye hadhi yake wa kusema kwamba uchambuzi wa chumvi kwa neli na matone ni elimu iliyokwisha zamani, maana maabara siku hizi hutambua madini kwa mitambo, na kwamba kijana anayekesha akihifadhi ni mashapo gani yayeyukayo katika amonia iliyozidi anaupoteza umri wake bure. Hoja hiyo ina sura ya haki. Ila imemhukumu asiye na hatia, kwani taksiri si ya uchambuzi bali ni ya namna tunavyoutahini.

Juu ya asili ya elimu yenyewe hapana ugomvi. Mkemia Fresenius alitoa kitabu chake cha uchambuzi mwaka 1841, mkemia Vogel akatoa chake mwaka 1937, na desturi yao ilifika katika shule zetu kwa njia ya mitihani ya Cambridge, hata ikarithiwa na Baraza la Mitihani la Taifa, UNEB, lililoundwa mwaka 1983. Ugomvi uko katika jedwali. Mtahiniwa wa kidato cha sita hupewa unga wenye kationi mbili na anioni mbili, na karatasi yenye safu tatu: jaribio, yaliyoonekana, na natija, na kwa kuwa majaribio yenyewe aghalabu ni yale yale, mwenye hafidha njema huweza kuijaza safu ya tatu kwanza, kisha akarudi nyuma kubuni alichokiona. Hiyo si kemia.

Natuiache chupa ya dukani, tuchukue bonge la chumvi ya Ziwa Katwe, wilayani Kasese (si Katwe hii yetu ya mafundi vyuma), kama linavyouzwa kwa wafugaji. Ndani yake mna kloraidi, salfeti na kaboneti za sodiamu, pamoja na potasiamu. Aliyezoea kukariri huliyeyusha, akatia nitreti ya fedha pasipo kutangulia jambo jingine, akaona mashapo, akaandika "kloraidi", kumbe sehemu ya mashapo yale ni kaboneti ya fedha, ambayo rangi yake huelekea umanjano. Na akitia nitreti ya bariamu, weupe atakaoupata waweza kuwa wa kaboneti, na salfeti asiwe ameithibitisha hata kidogo. Mwenye kutazama hutia kwanza tindikali ya nitriki, akaona povu likifoka, akaipitisha hewa ile katika maji ya chokaa mpaka yakageuka kama maziwa, akangoja povu litulie kabisa, ndipo akaugawa myeyusho na kutia dawa zake. Hapo mashapo ya bariamu ni ya salfeti hakika, na yale ya fedha yanayoyeyuka katika amonia ni ya kloraidi. Kadhalika katika moto, umanjano wa sodiamu huufunika urujuani wa potasiamu, usionekane ila kwa kioo cha buluu cha kobalti, madini ambayo yalipata kusafishwa Kasese hiyo hiyo.

Neli ikisha kusema ni nini, bureti husema ni kiasi gani. Myeyusho hupimwa kwa tindikali ya haidrokloriki, kwanza kwa fenolftalini mpaka rangi ya waridi itoweke, maana yake kaboneti yote imegeuka baikaboneti, kisha kwa methili oranji mpaka umanjano ubadilike. Tuseme ujazo wa kwanza ni sentimita za ujazo 10 na ule ulioongezwa baadaye ni 13: hizo 3 zilizozidi ni za baikaboneti iliyokuwamo tangu awali. Hakuna hafidha itakayompa mtahiniwa tarakimu hizo.

Watasema chumvi ya asili hutofautiana bonge kwa bonge, hivyo haisahihishiki. Basi na isagwe, ichanganywe, na mwalimu wa kila kituo aipime ile ile waliyopewa watahiniwa wake, hesabu yake iwe ndiyo mizani. Ama wale wanaotaka mtihani wa maandishi ushike mahali pa vitendo kwa sababu ya ufukara wa maabara, hao nawaachia ufukara wao wa hoja. Nao wapenzi wa mitambo wakumbuke kwamba kiwanda kilichojengwa kando ya ziwa hilo kilikwama baada ya mabomba yake kuliwa na maji yale yale ya chumvi; sidai kwamba neli za wanafunzi zingekiokoa, lakini ziwa hilo lilikwisha wahi kuwashinda wenye mitambo.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020 na kutahiniwa mara ya kwanza mwaka 2024, unadai umahiri, si kumbukumbu. UNEB na liyafuate hayo hadi kidato cha sita: chumvi ya Katwe iingie katika karatasi ya vitendo, na alama za safu ya pili ziwe nyingi kuliko za safu ya tatu.